Jalada la staa au la mwanamitindo? Majarida ya mitindo kwenye meza ya kukatia

Anayenunua jarida la mitindo ili ashone kutoka humo, si kwa kusoma tu, akikuta jaladani pana mwimbaji au mcheza filamu anayemjua, asikimbilie kutoa pesa. Alifungue kwanza aone kurasa za ndani. Uso ule anaoujua ndio uliowekwa pale umvute; nguo imekuja kuusindikiza. Mwanamitindo asiyejulikana jina hana cha kuuza isipokuwa alichokivaa, na ndiyo maana jalada lake mara nyingi humfaa fundi zaidi. Mara nyingi, si siku zote. Yapo majalada ya mastaa ambayo ni darasa zima la ushonaji, na yapo ya wanamitindo ambayo fundi hapati kitu hata akiyakodolea macho mchana kutwa.

Tunayoyapima hapa ni majarida ya nje yanayofika Unguja na Pemba kwa njia zake: yaliyoachwa hotelini na wageni, yaliyotiwa mkobani na jamaa wanaotoka Maskati, Dubai au London, na zaidi ya yote picha za majalada hayo zinazozunguka kwenye simu hadi kumfikia fundi wa Mchangani au Chake Chake pamoja na kauli ile ile: "Fundi, nataka kama hii." Kipimo chetu ni kimoja. Jarida likiwekwa juu ya meza, je, nguo ya jaladani inashoneka?

Mastaa hawakuwa na enzi hii tangu mwanzo. Mhariri Anna Wintour alipotoa toleo lake la kwanza la jarida la Vogue ya Marekani, Novemba 1988, jaladani alimweka mwanamitindo Michaela Bercu akiwa nje kwenye mwanga wa kawaida, amevaa koti la Christian Lacroix lenye msalaba wa vito kifuani, na chini yake jinzi ya Guess. Koti lile lilikuwa na sketi yake, ila sketi haikumkaa, ndipo jinzi ikaingia. Fundi yeyote anaijua hali hiyo. Jambo la kushika ni kwamba hata huko kwenye pesa zote, nguo iliyokataa mwili haikulazimishwa, ilibadilishwa. Na kwenye picha koti linaonekana vizuri, mtu anaweza kulisoma.

Miezi sita baadaye, Mei 1989, alikuja Madonna, yuko ndani ya bwawa la kuogelea. Fundi hana cha kupima hapo. Lakini mastaa waliuza, na mwaka 1994 likazaliwa InStyle, jarida lililojengwa juu ya mastaa na mavazi yao. Kufikia 1998 Vogue ilikuwa na Spice Girls Januari, Oprah Winfrey Oktoba na Hillary Clinton Desemba. Sababu yake ni ya biashara: mpita njia hulitupia jicho kibanda cha magazeti kwa sekunde chache tu, na uso anaoujua humsimamisha. Ili uso usimamishe watu lazima uwe mkubwa, na ukiwa mkubwa picha inaishia kifuani. Kiuno, nyonga na pindo vyote vimebaki nje ya karatasi.

Hilo la Hillary Clinton ni miongoni mwa majalada ya staa tunayoyakubali, na sababu ni kitambaa. Alivaa mahameli ya rangi nyekundu iliyoiva ya mbunifu Oscar de la Renta, na mahameli haijifichi pichani: panapong'aa na panapokuwa na giza panakuonyesha mwili unapoingia na unapotoka. Anayeiga kwa mahameli ya Mchangani akumbuke kwamba manyoya yake yana mwelekeo. Pitisha kiganja juu yake; upande unaoteleza na upande unaokwaruza ndio utakaokuongoza. Vipande vyote, mbele, nyuma na mikono, vikatwe vikielekea upande mmoja, na kwa hiyo ongeza kitambaa kiasi cha sehemu moja ya tano. Fundi akigeuza kipande kimoja ili abane kitambaa, gauni litakuwa na rangi mbili chini ya taa za ukumbini, na hakuna pasi itakayoliokoa. Pasi yenyewe mahameli haiitaki juu yake. Ipigwe kwa nyuma na mvuke, tena kwa mbali.

Mfano wa kinyume ni Septemba 2018. Vogue ya Marekani ilimweka Beyoncé, picha ya Tyler Mitchell, kijana wa miaka 23 na mpiga picha mweusi wa kwanza kupiga jalada la jarida hilo. Mwezi huo huo Vogue ya Uingereza ikamweka Rihanna, picha ya Nick Knight. Wote wawili wana maua kichwani. Kwa mpambaji wa bibi harusi majalada hayo ni mali: yanaonyesha ua kubwa likae wapi, dogo likae wapi, na paji la uso liachwe wazi kiasi gani, na anaweza kuyahamishia kwenye asumini na mawaridi ya hapa bila taabu. Fundi wa nguo aliyenunua matoleo hayo kwa ajili ya majalada yake amenunua picha mbili za nywele.

Kuna tena la Kamala Harris, Februari 2021, lililotoka na picha mbili. Ya kwenye karatasi ilimwonyesha amesimama, koti jeusi, suruali ya giza na raba za Converse. Ya kwenye mtandao ikakatwa kiunoni, suti ya buluu mpauko ya Michael Kors. Watu walibishana mno ni ipi inayompa heshima. Mezani kwetu ugomvi huo ni mwepesi: ile fupi ya buluu ina faida kuliko ndefu nyeusi. Nyeusi humeza mishono. Kola, mbano wa kifuani, mdomo wa mfuko, vyote vinazama kwenye wino. Anayeshona mabaibui alitie hilo akilini. Jalada lenye abaya nyeusi litakupa umbo la nje tu, na mkato utautafuta kwingine.

Kwa hilo hilo hatulipi alama nyingi toleo la Februari 2022 la Vogue ya Uingereza, ambalo lilikuwa na wanamitindo tisa wa Kiafrika, akiwemo Adut Akech na Anok Yai, picha ya Rafael Pavarotti. Wengi walilalamikia mwanga uliozidisha weusi wa ngozi. Giza lilelile limemeza na nguo. Hapa wanamitindo ni tisa, staa wa filamu hakuna, na bado fundi anaondoka mikono mitupu.

Kwa wateja wa visiwani, jina lenye uzito zaidi katika habari hii ni Halima Aden, Msomali aliyezaliwa kambi ya Kakuma, Kenya. Juni 2017 alikuwa jaladani Vogue Arabia, na Mei 2018 alikuwa mmoja wa wanamitindo tisa wa jalada la Vogue ya Uingereza, wa kwanza mwenye hijabu katika jarida hilo. Novemba 2020 aliacha kazi hiyo kwa kuona inamtoa kwenye dini yake. Picha zake za miaka ile bado ni hazina: mikono mirefu, shingo iliyofunikwa, ushungi uliopangwa ukaenda na kola. Mteja akitaka "kama hii" kutoka kwake, fundi hana haja ya kuanza kuongeza vipande. Tahadhari moja tu kuhusu toleo la Mei 2018 na mengine ya watu wengi: jalada hukunjwa. Mbele wanaonekana wachache, waliobaki wamo kwenye mkunjo wa ndani, na nakala iliyokwishapita mikononi mwa watu mara nyingi mkunjo huo umechanwa.

Sasa namna ya kulisoma jalada, la staa ama la mwanamitindo.

Anza na mbavuni. Mikunjo midogo inayolala kwa upana na kukimbilia mgongoni, au mshono wa ubavuni uliosogea nyuma kuliko unavyostahili, ni dalili kwamba nguo imebanwa nyuma kwa vibanio. Nguo zinazopelekwa kwenye upigaji picha ni sampuli zilizoshonwa kwa miili ya wanamitindo wembamba na warefu. Staa asiye na mwili huo huvalishwa hiyo hiyo: ikimzidi inabanwa, ikimpungua inaachwa wazi mgongoni. Baada ya hapo kompyuta hupunguza kiuno. Fundi akishona kwa kufuata kile kiuno cha kwenye karatasi, mteja hataweza kukaa kitini. Kwa kitambaa kisichovutika acha nafasi ya kupumua ya sentimita 6 hadi 8 kifuani, 3 au 4 kiunoni na 5 nyongani, hata kama picha inasema nguo imeganda mwilini.

Pili, vipimo vya mapambo: upana wa kola, ukubwa wa kifungo, kina cha shingo. Hivi vinapatikana kwa rula, ikiwa uso umeelekea mbele. Umbali kati ya mboni mbili za macho kwa mwanamke mzima ni kama milimita 62, na hautofautiani sana kati ya mtu na mtu. Pima umbali huo kwenye karatasi. Tuseme umepata milimita 25; gawa 62 kwa 25, unapata karibu 2.5. Kola yenye milimita 34 pichani, zidisha mara 2.5: ni sentimita 8 na nusu. Njia hii hupotoka uso ukigeuka, au nguo ikiwa mbele sana ya uso, kwa mfano mtu aliyeinama. Kosa la sentimita moja kwenye kola halionekani. Kwenye kifua ni balaa. Basi mwili upimwe kwa futi ya kamba, rula ibaki kwenye mapambo.

Tatu, usiishie jaladani. Karibu na ukurasa wa yaliyomo huwa pana kisanduku kidogo kinachotaja kila alichovaa mtu wa jalada na nani kakibuni. Ukishajua mbunifu, tafuta picha za onyesho lake. Nguo za toleo la Septemba aghalabu zilionyeshwa jukwaani Februari na Machi ya mwaka huo huo, na picha za jukwaani hupangwa kwa namba, mwanamitindo mzima kuanzia kichwa hadi kiatu. Yaani nguo ya staa unakwenda kuisoma kwenye mwili wa mwanamitindo. Kisanduku kikisema nguo imeshonwa kwa ajili yake peke yake, basi jukwaani haikupita, usipoteze vifurushi vya intaneti kuitafuta.

Hapo ndipo staa anapopata utetezi wake, na ni utetezi mzito. Jalada lake linaficha, lakini zulia jekundu linafichua kila kitu. Gauni la buluu mpauko la Prada alilovaa mcheza filamu Lupita Nyong'o kwenye tuzo za filamu za Oscar za Machi 2014 lilipigwa picha mbele, nyuma, ubavuni, akitembea, akizunguka. Julai mwaka huo alikuwa jaladani Vogue, lakini hakuna fundi aliyeletewa jalada lile kwa wingi kama alivyoletewa lile gauni. Uzito wake umo kwenye marinda. Marinda yaliyolaliana kikamilifu hula kitambaa mara tatu: pindo la mita 2 linataka mita 6 za upana, kabla hujagusa kifua. Yashike kwenye krepi au shifoni ya poliesta, ambayo joto la pasi huyakamata. Kwenye pamba au hariri tupu yatafunguka kwa unyevu wa hapa kabla maharusi hawajatoka. Na shingo ile iliyoshuka hadi kiunoni, kwa sherehe za kwetu, huzibwa kwa kipande cha ndani cha rangi ya gauni. Kishonwe kwenye bitana, kisishikizwe juu juu, maana kitajikunja.

Kuziba na kuongeza ndiko kunakoharibu nguo nyingi za kuiga. Gauni la jaladani halina mikono; mteja anataka mikono mirefu. Fundi anakata mwili kama ulivyo pichani, halafu anapachika mkono, na mteja akiinua mkono kumsalimu mtu gauni zima linapanda. Kwapa la nguo isiyo na mkono hukatwa juu na karibu na mwili ili lisionyeshe ndani. Likipewa mkono, lishushwe kiasi cha sentimita 2, na bega litolewe nje sentimita 1 au 1 na nusu. Gauni lisilo na mabega nalo husimama kwa vijiti vilivyoshonwa ndani ya kifua na mkanda wa kiunoni uliofichwa. Ukiliongezea lesi juu ukaacha vijiti, uzito wote unaning'inia kwenye lesi, na lesi hunyooka usiku mmoja.

Kitambaa kihesabiwe kabla mteja hajakwenda dukani. Gauni lililotanuka chini, mikono mirefu, kwa mtu mwenye sentimita 140 kutoka begani hadi chini, kwenye kitambaa cha upana wa 115: urefu mara mbili, jumlisha 60 za mikono na 10 za pindo, ni mita 3 na nusu. Maua yakiwa na mwelekeo mmoja, chukua 4. Mkato wa mshazari, ambao majalada mengi ya hariri yanautumia, ongeza thuluthi. Kanga ina hesabu yake. Kila kipande cha doti kina kama mita moja na nusu kwa mita 1 na sentimita 10, kwa hiyo urefu wa 140 unaingia kwa shida, na mkia wa gauni unaoburura kama wa staa hautoki bila kuunga. Kabla ya mkasi angalia jina limekaa wapi. Fundi wa haraka haraka huligeuza, na bibi wa watu akatembea ukumbini maneno yakiwa kichwa chini.

Ukitaka tutaje majarida kwa ubora wake mezani, Vogue ya Marekani ni ya kutazama, na uzito wake usikudanganye. Toleo la Septemba 2012, lenye Lady Gaga jaladani, lilikuwa na kurasa 916, sehemu kubwa ikiwa matangazo. Ajabu ni kwamba hayo matangazo ndiyo yenye wanamitindo waliosimama wazima na nguo inayoonekana, maana aliyelipia tangazo anataka nguo yake ionekane. Septemba 2014 na Septemba 2021 lilirudi kwa wanamitindo wengi kwa pamoja, lakini wakiwa wamebanana begani, unapata vifua tu. Vogue ya Uingereza huchanganya zaidi. Harper's Bazaar ina jambo zuri kwa nakala zake za wanaolipia kwa mwaka: baadhi hutoka na jalada lenye maandishi machache, nguo haikufunikwa na vichwa vya habari. Vogue Arabia, iliyoanza kuchapwa Machi 2017 na Gigi Hadid jaladani, ndiyo yenye mikono mirefu na nguo za kujisitiri kwa wingi, ingawa jaladani nayo imekwishaingia kwenye mastaa. Novemba 2017 ilikuwa Rihanna kwa sura ya Nefertiti, malkia wa Misri ya kale, na hapo tena ni kofia.

Lakini likiwa ni jarida moja la kununua kwa pesa yako, chukua Burda. Wajerumani wanalichapa tangu 1950, jaladani huweka wanamitindo ambao hakuna anayewauliza majina, na ndani mna karatasi za violezo, yaani mistari ya vipande vyenyewe vya kukatia, tangu miaka ya mwanzo ya hamsini. Nguo ya jaladani kwa kawaida imo humo. Mistari ya nguo nyingi imepandana kwenye karatasi moja, kwa rangi na alama tofauti. Tafuta namba ya nguo, kisha fuata saizi moja tu kwa kidole kabla ya kuinakili kwenye karatasi ya khaki.

Kinachowaponza wengi ni kwamba violezo hivyo havina nafasi ya mshono. Ongeza mwenyewe sentimita 1 na nusu kila upande na 4 kwenye pindo. Asiyeongeza anapoteza karibu sentimita 6 kwa mzunguko kwenye nguo yenye mishono miwili ya ubavuni, kisha anasema saizi za Kizungu ni ndogo. Saizi za kawaida zimechorwa kwa mwanamke wa sentimita 168. Kwa mfupi zaidi usikate pindo peke yake, punguza kidogo juu ya kiuno na kidogo chini ya nyonga, ama sivyo kiuno cha gauni kitakaa kwenye nyonga. Na kama kitambaa ni cha ghali, shonea kwanza bafta, mvalishe mteja, mwambie akae na ainue mikono.

Nakala za mkono wa pili zipo, ila zikaguliwe. Karatasi hizi za kung'aa zikilowa wakati wa masika hugandana, na ukizibandua rangi inabaki upande wa pili. Kwa Burda fungua katikati uhakikishe karatasi za violezo zimo na ni nzima, hazijakatwa na mtu aliyekuwa na haraka. Zikikosekana, muuzaji anakuuzia picha tu, na picha unazo kwenye simu.